Mipapai mitatu ya mbegu za papai moja: mmoja hauzai, mmoja unadondosha maua, mmoja umeacha kuzaa

Mwanabustani

Ndugu wapenzi wa mimea, nawasalimu.

Naomba msaada kuhusu mipapai mitatu iliyomo bustanini mwangu, ambayo yote niliiotesha kwa mbegu za papai moja refu, tamu na lenye nyama nene. Imekua vizuri, majani yake ni mapana na ya kijani kilichokolea, na yote imeshaanza kuchanua, lakini haifanani kwa tabia hata kidogo. Mpapai wa kwanza umetoa vikonyo virefu vinavyoning'inia, vyenye vishada vya maua madogo membamba yanayonukia vizuri nyakati za jioni, na maua hayo huanguka yote bila kuacha hata tunda moja. Wa pili una maua makubwa yaliyokaa karibu kabisa na shina. Hayo hudumu siku chache, hugeuka manjano kuanzia kwenye kikonyo, kisha hudondoka. Wa tatu ulizaa mapapai machache yenye umbo zuri, halafu ukaacha, na maua yake ya sasa ni membamba kuliko yale ya mwanzo.

Nimekwisha kupewa ushauri wa namna mbili. Wapo wanaosema nipigilie msumari kwenye shina la ule usiozaa, au niukate kichwa, ili ugeuke kuwa jike. Wengine wanasema mipapai yote ina njaa, kwa hiyo niiongezee mbolea ya kukuzia. Kabla sijafanya lolote ningependa kujua kama tatizo ni la jinsia, la lishe au la hali ya hewa. Tena, ikiwa mmojawapo ni dume, imekuwaje dume litokane na papai lilelile lililotoa mingine?

Bwana Shamba Mstaafu

Ndugu Mwanabustani, kwa maelezo uliyotoa naona huna tatizo moja bali matatu, kila mpapai na lake. Mbolea iache kwanza. Chukua wembe mkali, uchume kutoka kila mpapai tumba moja lililokaribia kufunguka, ulipasue kwa urefu hadi chini, kisha uangalie kilichomo ndani.

Katika ua la dume, petali (vijani vya rangi vya ua) zimeungana zikafanya mrija mwembamba, na mdomoni mwa mrija huo utaona stameni, yaani viungo vya kiume vinavyotoa unga wa chavua, 10 za manjano zilizopangwa kwa safu mbili. Mahali ambapo ovari, yaani kifuko kinachokuja kuwa tunda, ingekuwa pana kijiti tu kisicho na stigma, ile ncha inayopokea chavua. Ua la jike lina petali 5 zilizoachana karibu hadi chini, ovari ya mviringo iliyojaa, na juu ya ovari hiyo stigma yenye ncha 5 zilizotanuka. Stameni hazimo kabisa. Ua la jinsia mbili lina vyote: petali zimeungana kwa sehemu ya chini, stameni zimeshika upande wa ndani wa mrija huo, na katikati pana ovari ndefu iliyo nyembamba kuliko ya jike. Ovari hiyo ndefu ndiyo inayotoa mapapai marefu yenye nyama nene, ilhali jike huzaa mapapai ya mviringo yenye uwazi mkubwa ndani. Ukishapasua maua machache, hutahitaji wembe tena, kwa maana tumba la jike ni nene chini na limechongoka juu, hali la jinsia mbili upana wake haupishani sana kutoka chini hadi juu.

Kuhusu swali lako la mwisho, ambalo naliona ndilo zuri kuliko yote, jinsia ya mpapai huamuliwa na kromosomu, yaani nyuzi za urithi zilizomo ndani ya seli. Jike lina X mbili. Dume lina X na Y, na mpapai wa jinsia mbili una X pamoja na Y ya aina nyingine, ambayo wataalamu huiandika Yh. Mbegu inayorithi Y kutoka pande zote mbili haiishi, iwe ni Y ya aina ipi. Kwa hiyo mpapai wa jinsia mbili ukijichavusha wenyewe, theluthi mbili ya miche yake itakuwa ya jinsia mbili na theluthi moja majike, wala hutapata dume hata moja. Jike likichavushwa na dume, nusu ya miche huwa majike na nusu madume. Papai lako lilikuwa refu, maana yake mama alikuwa wa jinsia mbili. Na kama wembe utathibitisha kwamba mpapai wa kwanza ni dume, basi chavua iliyotunga mbegu yake ilitoka kwa dume lililokuwa jirani, kwa kuwa mama peke yake asingeweza kumzaa. Mchanganyiko wa namna hiyo hutoa jinsia zote tatu kwa mafungu yanayokaribia kulingana, na inaelekea ndizo ulizonazo.

Papai moja huwa na mamia ya mbegu, na kila mbegu imetungwa kwa punje yake ya chavua. Utamu wa tunda ulilokula ulikuwa wa mama. Baba hakuonekana popote mpaka miche ilipochanua.

Mama Kitalu

Nakubaliana na Mzee Bwana Shamba, nami ningependa kuongezea juu ya msumari, kwa sababu imani hii nimeikuta kila ninapokwenda.

Msumari hauwezi kugeuza kromosomu. Kinachowachanganya watu ni kwamba dume lenyewe, bila kuguswa na mtu, huweza kubadilika kidogo: majira yanapogeuka, baadhi ya madume hutoa maua machache ya jinsia mbili kwenye vikonyo vyao virefu, na maua hayo huzaa mapapai madogo yanayoning'inia mbali na shina. Aliyekuwa amepigilia msumari kabla ya hapo ataapa kwamba msumari ndio uliozalisha, na wale ambao misumari yao haikuleta kitu hawana habari ya kusimulia. Kukata kichwa nako hakubadilishi jinsia. Shina litachipua matawi kadhaa, kila tawi likiwa na jinsia ileile ya mwanzo, na kwa kuwa shina la mpapai lina uwazi ndani, maji ya mvua huingia kupitia kidonda na kuliozesha kuanzia juu. Anayelazimika kuukata kwa sababu nyingine, kama vile urefu, afunike kidonda hadi matawi yashike.

Sasa mpapai wako wa pili. Kama ni jike, kama ninavyodhani, kudondosha maua si ugonjwa. Jike halina chavua yake, kwa hiyo hutegemea kuletewa, na wachavushaji wake wakuu ni nondo wakubwa wenye mkonga mrefu ambao huruka kuanzia machweo. Ile harufu ya jioni unayoisikia kwenye mpapai wa kwanza ni mwaliko wa nondo hao. Ua la jike halina nekta (maji matamu ya ua) ya kuwapa, bali huwapata kwa sababu linafanana vya kutosha na la dume kiasi cha kuwadanganya, nao hukaa hapo kwa muda mfupi sana. Nondo wakiwa wachache, anayekosa kwanza ni jike. Naomba utuambie kama hunyunyizi dawa ya wadudu nyakati za jioni.

Wakati huohuo unaweza kuchavusha kwa mkono. Asubuhi na mapema, chuma ua la dume lililofunguka karibuni, chana mrija wake hadi stameni zitokeze, kisha pakaza ule unga wa manjano juu ya ncha zote 5 za stigma ya ua la jike ambalo ndiyo kwanza linafunguka. Usingoje lifunguke sana, kwa maana stigma iliyogeuka kahawia haipokei tena. Funga uzi kwenye kikonyo cha ua ulilolihudumia ili usije ukachanganya na mengine. Likishika, petali zitakauka na kuanguka lakini kikonyo kitabaki kijani na ovari itaanza kunenepa. Lisiposhika, utaona umanjano uleule ulioueleza.

Mpogoaji

Samahani kwa kupinga, lakini sioni sababu ya kuendelea kulilisha dume katika bustani yenye mipapai mitatu. Chavua ya mpapai wa jinsia mbili hulitungisha jike vilevile. Mwanabustani akiling'oa dume na kulichavusha jike kwa maua ya ule mpapai wa tatu, atapata mapapai, na zaidi ya hapo mbegu zake zitatoa nusu majike na nusu wenye jinsia mbili, bila dume lolote. Anapata matunda, nafasi ya mche mwingine na mbegu safi kwa pamoja.

Mama Kitalu

Ndugu Mpogoaji, hesabu yako ni sahihi, tatizo ni muda. Mpapai wa tatu haujatulia, na hatujui kama utaendelea kuchanua wakati jike linahitaji chavua, ilhali dume huchanua mfululizo. Mimi ningelibakiza hadi jike litakapokuwa na mzigo wa matunda wa kutosha, ndipo nilikate. Kwenye mashamba makubwa ya mipapai ya madume na majike, wakulima huacha dume moja kwa kila majike 10 au zaidi na kung'oa mengine yote, kwa hiyo hakuna anayesema madume yabaki yote.

Mwanabustani

Nawashukuru sana, wazee wangu na ndugu zangu. Nimetumia wembe kama nilivyoelekezwa. Mpapai wa kwanza ni dume bila shaka: stameni ni 10 na ovari hakuna. Wa pili ni jike, na ovari yake imejaa kabisa. Mpapai wa tatu umenishangaza, kwa sababu maua yake hayalingani. Mawili yalikuwa na stameni na kijiovari kilichosinyaa kisichofika hata katikati ya mrija, na moja, lililokuwa kwenye tawi la chini lenye kivuli, lilikuwa na ovari ndefu kamili. Tena nakumbuka kwamba papai moja kati ya yale ya mwanzo lilikuwa na mifereji mirefu na kovu upande mmoja, ingawa mengine yalikuwa mazuri.

Hali ya hewa ya karibuni imekuwa ya joto kali na ukavu, na mchana majani hulegea. Kuhusu dawa, nimekuwa nikinyunyiza kila wiki wakati wa jioni ili kuzuia vidukari, kwa kuwa nimesoma kwamba ndio wanaoeneza virusi vya mipapai.

Udongo na Maji

Umeona kwa macho yako jambo ambalo wengi husimuliwa tu. Jike na dume lenye msimamo hubaki walivyo, lakini mpapai wa jinsia mbili hupanga maua yake kulingana na mazingira. Joto likizidi nyuzi 32 hivi, hasa likiambatana na ukame au upungufu wa naitrojeni, ovari husinyaa na ua hubaki na kazi ya kiume tu. Hali ikiwa kinyume chake, yaani ubaridi, unyevu mwingi na naitrojeni nyingi, stameni zenyewe huanza kugeuka kuwa sehemu za ovari na kujishikiza nayo, na tunda linalotokana na ua kama hilo hutoka na mifereji na makovu. Papai lako lile la mwanzo lilianza kuumbika katika kipindi cha namna hiyo. Kwa hiyo mpapai huohuo mmoja umepitia hali zote mbili, na hakuna ugonjwa hapo.

Ua huamua umbo lake wiki nyingi kabla ya kufunguka. Unayoyaona leo yanasimulia hali ya hewa iliyopita, na marekebisho utakayoyafanya leo hayataonekana kwenye maua ya wiki ijayo. Watu wengi hukata tamaa katika kipindi hicho cha katikati na kuung'oa mpapai mzuri. Mimi ningeuacha.

Kinachowezekana kurekebishwa ni maji. Kulegea kwa majani mchana wa jua kali hakumaanishi kila mara kwamba udongo umekauka, hivyo chimbua kwa kidole au kijiti karibu na ukingo wa kivuli cha majani, na kama udongo ni mkavu kwa kina cha kidole, mwagilia hadi maji yazame vizuri, kisha uache mpaka sehemu ya juu ianze kukauka tena. Weka matandazo mazito ya majani makavu au nyasi kuzunguka mmea, ila yasiguse shina, kwa sababu unyevu unaoganda hapo hualika uozo. Tahadhari yangu kubwa ni kwamba usikimbie ukame ukaangukia kwenye tope. Mizizi ya mpapai inahitaji hewa kuliko ya miti mingi ya matunda, na maji yakituama kwa siku mbili yanatosha kuua mpapai mkubwa uliokuwa na afya jana yake. Ikiwa ardhi yako ni ya mfinyanzi, panda juu ya tuta.

Kuhusu mbolea, majani mapana ya kijani kilichokolea hayaonyeshi njaa ya naitrojeni, kwa hiyo sioni haja ya mbolea ya kukuzia kwa sasa. Samadi iliyooza vizuri au mboji inatosha. Dalili ambayo ningeiangalia ni matunda yenye vinundu vinundu yanayovuja utomvu yakiwa bado machanga, kwa kuwa hiyo mara nyingi ni dalili ya upungufu wa boroni, na boroni huongezwa kwa kiasi kidogo sana, maana ikizidi ni sumu kwa mmea.

Dawa ya jioni iache. Vidukari hawafanyi makazi kwenye mipapai kama wanavyofanya kwenye mimea mingine. Hupita, hutoboa jani kwa muda mfupi ili kuonja, na muda huo huwatosha kuacha virusi kabla dawa haijawadhuru. Kwa maneno mengine, unanyunyiza dhidi ya mdudu ambaye dawa haimuwahi, na saa unayoichagua ndiyo saa ya nondo. Njia inayosaidia ni kutopanda mimea ya jamii ya maboga na matango karibu na mipapai, kwa sababu baadhi yake huhifadhi virusi hivyo, na kuung'oa haraka mpapai wowote unaoonyesha majani yenye mabaka ya manjano yaliyosinyaa pamoja na madoa ya pete kwenye matunda. Hakuna tiba ya mpapai ulioambukizwa.

Mwanabustani

Nimeelewa, na nimeshaacha kunyunyiza. Nimechavusha maua manne ya jike kwa mkono na kuyafunga uzi. Mawili yamedondoka, mawili vikonyo vyake bado ni kijani na ovari zinaonekana kunenepa.

Swali langu la mwisho linahusu mbegu. Mpapai wa tatu utakapotulia, nataka kuotesha mingine kutoka kwake bila kupata madume. Nifanyeje, ikizingatiwa kwamba dume bado limesimama hatua chache tu kutoka hapo?

Bwana Shamba Mstaafu

Hilo halina ugumu. Chagua kwenye mpapai wa tatu tumba lililonenepa kwa ovari ndefu, ambalo bado halijafunguka, ulivike mfuko mdogo wa karatasi na kuufunga kwa uzi laini kwenye kikonyo. Ua la jinsia mbili lina kawaida ya kumwaga chavua yake lenyewe wakati linapoanza kufunguka au hata kabla, kwa hiyo ndani ya mfuko litajitungisha bila msaada wako. Petali zikishaanguka uondoe mfuko, uweke alama ya kudumu kwenye kikonyo, kisha ungoje. Kutoka ua hadi papai kuiva ni miezi 5 au 6, na zaidi penye baridi. Usitumie mfuko wa plastiki, kwa sababu joto na jasho la ndani huliozesha ua.

Mbegu ukizitoa, zisugue ndani ya chujio chini ya maji mpaka ule utando wa utelezi unaozifunika utoke wote, kwa kuwa una kemikali zinazozuia kuota. Zilizoelea zitupe. Zianike kivulini ukitaka kuzihifadhi, au uzisie mara moja kwenye viriba vyenye udongo mwepesi unaopitisha maji. Zitachomoza baada ya wiki 2 hadi 4, na huchelewa zaidi udongo ukiwa wa baridi. Hamisha miche ingali midogo, wala usiivunje tonge la udongo lililoshika mizizi, kwa maana mpapai hausamehe mizizi iliyochezewa.

Kila shimo liweke miche 3, iachane kiasi cha kiganja au zaidi. Kwa mbegu zilizojichavusha, uwezekano wa mche mmoja kuwa jike ni theluthi moja, hivyo uwezekano wa miche yote 3 kuwa majike ni 1 kati ya 27. Katika mashimo 26 kati ya 27, kwa wastani, utakuwa na angalau mche mmoja wa jinsia mbili. Subiri yote ichanue, pasua tumba moja moja kama ulivyofanya safari hii, uchague mmoja wenye nguvu wa jinsia mbili, na ile mingine uikate usawa wa ardhi badala ya kuing'oa, kwa sababu wakati huo mizizi ya yote mitatu itakuwa imekwisha kushikamana.

Mpogoaji

Naongeza moja tu. Papai lililovikwa mfuko likianza kuiva, lichume likiwa na michirizi ya manjano na ulimalizie kuiva ndani ya nyumba. Ndege na popo hawasomi alama za uzi.